Kiongozi wa chama Uingereza akivunja ndoa yake, sisi wapigakura inatuhusu?

Mtanzania, Leicester (ndiye anayeuliza)

Tarehe 4 Julai 2024 nilipiga kura Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania. Wenzangu kazini walishangaa, maana hata Waingereza wengi hawajui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali ana haki ya kumchagua mbunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote wamo. Kwa hiyo nauliza kama mtu mwenye kura yake: mambo ya chumbani ya kiongozi wa chama yanatuhusu, au tumwachie yeye na mkewe?

Mimi nasema hayatuhusu, mpaka atakapovunja huko chumbani sheria aliyotupangia sisi, au atakapousimamia uongo mbele ya bunge. Hapo ndipo mlango wa chumba unapokuwa mlango wa ofisi.

Mwaka 2020 nilikuwa nabeba boksi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Watoto walikuja kuwaaga mama zao kupitia kioo cha dirisha. Kuna kijana mmoja aliweka kiganja chake kwenye kioo, mama yake akaweka cha kwake upande wa ndani, wakakaa hivyo mpaka tukamwambia muda umekwisha. Nani alituagiza tumwambie muda umekwisha? Serikali, na Waziri wa Afya alikuwa Matt Hancock. Mei mwaka huo ikajulikana kwamba Profesa Neil Ferguson, mmoja wa wataalamu walioishauri serikali, alikuwa akitembelewa na mpenzi wake wakati watu wa nyumba mbili hawaruhusiwi kukutana. Akajitoa kwenye kamati ya ushauri, na Hancock akasema amefanya vyema kuondoka. Juni 2021 gazeti la The Sun likachapisha picha za kamera ya ofisini, zilizonaswa Mei: Hancock mwenyewe, na msaidizi wake, wamekumbatiana wanabusiana, watu bado wamekatazwa hata kuwakumbatia ndugu zao. Kesho yake akajiuzulu.

Hasira yangu haikuwa juu ya mke wake. Ndoa ile sikuifunga mimi. Hasira yangu ilikuwa kwa ajili ya kile kiganja kwenye kioo.

Sasa mpimeni na Paddy Ashdown, kiongozi wa Liberal Democrat. Februari 1992, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, habari zikavuja kwamba miaka mitano nyuma alikuwa na uhusiano na katibu muhtasi wake. Zilivuja kwa sababu nyaraka ziliibwa kwenye ofisi ya wakili wake. Alijitokeza, akakiri, basi. Watu walimwelewa, na akaongoza chama chake hadi 1999. Hakuna sheria aliyotutungia akaivunja. Nani aliumia hapo zaidi ya nyumba yake?

Nawasikiliza.

Mkenya, Slough

Kaka, nimekusoma, na pole kwa hayo uliyoyaona 2020. Lakini huo mpaka wako wa chumba na ofisi umeuchora kwa chaki, na mvua ikinyesha unafutika.

Chukua Boris Johnson. Mwaka 2004 Michael Howard, aliyekuwa kiongozi wa Conservative, alimfukuza kwenye safu ya mbele ya upinzani, yaani wasemaji wakuu wa chama bungeni. Wengi hudhani ni kwa sababu ya mchepuko. Hapana, ni kwa sababu aliudanganya uongozi wa chama kuhusu mchepuko huo. Miaka kumi na mitano baadaye chama hichohicho kikamfanya kiongozi, na hivyo Waziri Mkuu, kwa kura 92,153 dhidi ya 46,656 za Jeremy Hunt. Aliulizwa ana watoto wangapi, akakataa kujibu. Watu wakasema kama wewe, kaka: ya nyumbani kwake. Desemba 2019 wakampa ushindi wa viti 80 zaidi ya vyama vingine vyote vikijumlishwa.

Aliondokaje? Kwa uongo. Aliliambia bunge kwamba kanuni za korona zilifuatwa Downing Street, ofisini kwake, kisha Aprili 2022 polisi wakamtoza faini kwa kuhudhuria mkusanyiko wa siku yake ya kuzaliwa. Julai ofisi yake ikasema hakuelezwa malalamiko mahususi juu ya tabia za Chris Pincher, mbunge ambaye Johnson alimpa cheo. Aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje akaandika barua hadharani kwamba Johnson alielezwa. Zaidi ya watu hamsini wakajiuzulu serikalini, naye akaondoka. Sasa niambie, kati ya yule wa 2004 na huyu wa 2022, unaona watu wawili? Mimi naona mmoja. Anayemwongopea mkewe kila siku ana mazoezi ambayo wewe na mimi hatuna.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi, maana wanaume mkianza kusema "ya chumbani tuyaache chumbani", huwa mnamsahau aliyebaki humo chumbani. John Profumo, Waziri wa Vita, alikuwa na miaka 46 alipokutana na Christine Keeler mwaka 1961. Keeler alikuwa na miaka 19, na alihusishwa pia na Yevgeny Ivanov wa ubalozi wa Urusi ya Kisovieti, ndiyo maana nchi nzima ilitetemeka. Machi 1963 Profumo alikana bungeni, Juni akakiri kwamba aliongopa, akajiuzulu. Gerezani aliingia nani? Keeler, aliyehukumiwa miezi tisa kwa kuapa uongo katika kesi nyingine. Profumo alijitolea kuwasaidia maskini wa mashariki ya London, na 1975 akapewa nishani. Alifanya kazi nzuri, simnyimi. Lakini yule msichana hakuna aliyempa njia ya kurudi, alikufa 2017 watu bado wanamtaja kwa jina la kashfa. Cecil Parkinson vilevile: aliongoza kampeni ya ushindi ya Conservative 1983, akajiuzulu mwaka huohuo katibu wake Sara Keays alipokuwa na mimba yake, na 1987 alikuwa amesharudi kwenye baraza la mawaziri. Keays alibaki kulea mtoto.

Mkisema haituhusu, mnamaanisha huyo kiongozi hatuhusu, au huyo mwanamke ndiye hatuhusu?

Mzee wa Unguja, sasa Northampton

Wanangu, assalamu alaykum. Dada wa Slough kasema maneno mazito na ya Keeler sina jawabu nayo. Ila nimekaa nchi hii tangu enzi za Bi Thatcher na nimeona magazeti ya udaku yakifanya mambo ambayo kwetu hata mlevi hayafanyi.

Sisi tumelelewa kwamba ukiiona aibu ya mwenzio, unaisitiri. Hapa ndiyo huuzwa asubuhi. Gordon Brown na mkewe walimzika binti yao wa siku kumi mwaka 2002. Mwaka 2006 wakapata mtoto wa kiume, wakaambiwa ana maradhi ya kurithi ya mapafu. Hawajamaliza hata kulia, ikawa habari ya ukurasa wa mbele wa The Sun, mtoto ana miezi minne. Brown wakati huo ni Waziri wa Fedha, na kila mtu anajua ndiye anayengojea kuurithi uongozi wa Labour. Lakini mapafu ya mtoto mchanga yahusu nini bajeti? Hawa ndio watakaoingia mlango mtakaoufungua nyinyi kwa kusema "wapigakura wana haki ya kujua".

Na nimeona na uzuri pia. Februari 2009 mtoto wa David Cameron, kiongozi wa upinzani, alifariki akiwa na miaka sita. Siku ile ilikuwa ya maswali kwa Waziri Mkuu, siku ya kurushiana maneno makali. Brown, sasa ndiye Waziri Mkuu, hakutaka. Alisimama akatoa rambirambi kama baba aliyewahi kuzika, bunge likaahirisha maswali. Hapo ndipo nilipowaona watu hawa kuwa ni watu.

Sasa kijana wa Leicester, nina swali kwako. Charles Kennedy aliongoza Liberal Democrat hadi viti 62 mwaka 2005, na miaka miwili kabla alisimama kupinga vita vya Iraq, vyama viwili vikubwa vikiunga mkono. Alikuwa na maradhi ya pombe. Wenziwe walijua, wakafichaficha, na alipoulizwa alikana. Januari 2006 akakiri, siku mbili baadaye akang'oka uongozini. Alifariki 2015, ana miaka 55. Kwa mizani yako ya "chumbani" na "uongo", huyu ungemhukumu vipi?

Mrundi, Birmingham

Ndugu zangu, mimi sina kura. Burundi haimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo nalipa kodi na nasubiri. Labda ndiyo sababu naona mnabishana juu ya dirisha wakati mlango wa mbele hauna ufunguo.

Waliopiga kura Desemba 2019 walipata mawaziri wakuu watatu kabla ya kuulizwa tena: Johnson, Liz Truss, Rishi Sunak. Truss alichaguliwa na wanachama wa Conservative 81,326 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60. Sunak hakupigiwa hata kura hiyo Oktoba 2022, kwa sababu alibaki mgombea peke yake. Mnauliza kama mpigakura azingatie ndoa ya kiongozi. Mpigakura yupi?

Na huyo Truss ni mfano mzuri kwenu wote wawili. Ilijulikana kwamba aliwahi kuwa na uhusiano na mbunge Mark Field. Mwaka 2009 baadhi ya wanachama wa jimbo la South West Norfolk walitaka kumnyima ugombea kwa hilo. Walishindwa. Sawa kabisa, nafikiri. Kilichotuumiza si ndoa yake. Ni ile bajeti ndogo ya 23 Septemba 2022, paundi bilioni 45 za kupunguza kodi bila kusema fedha zitatoka wapi. Riba za mikopo ya nyumba zikapaa. Mwenye nyumba yangu alikuja na barua, kodi ya pango ikapanda, tukahamia chumba kimoja na watoto wawili. Siku 49 tu madarakani. Hakuna gazeti lililomfuata akiwa na mtu hotelini lingeweza kunionya juu ya hilo, hotuba zake za kampeni zilitosha.

Mtu achunguzwe anachotaka kufanya. Muda mnaoutumia kuhesabu vimada, wengine wanaandika bajeti.

Mkenya, Slough

Ndugu wa Birmingham, pole sana kwa hicho chumba. Lakini fedha nazo hulala nyumbani. Sunak tulimshangilia sisi watu wa Afrika Mashariki, baba yake alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Aprili 2022, akiwa Waziri wa Fedha, anatupandishia makato ya bima ya taifa, ikajulikana kwamba mkewe Akshata Murty ana hadhi ya kisheria iliyomruhusu asilipe kodi ya Uingereza kwa mapato yake ya nje. Kisheria hakukosa. Siku chache baadaye akasema atalipa. Hilo ni la chumbani au la Hazina?

Mganda, Croydon

Na Angela Rayner je? Septemba 2025 alijiuzulu unaibu Waziri Mkuu na unaibu kiongozi wa Labour kwa kulipa pungufu kodi ya kununua nyumba, kama paundi 40,000. Ili ajitetee ilibidi aeleze hadharani mfuko uliowekwa kwa ajili ya mwanawe mwenye ulemavu. Alikuwa waziri wa nyumba, kodi ilikuwa ya nyumba, kwa hiyo kuondoka ilibidi. Lakini mimi mama wa mtoto kama huyo, nilizima redio. Vyote viwili ni kweli kwangu na sijui kuvitenganisha.

Mtanzania, Leicester

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako la Kennedy nimelibeba zamu nzima.

Kwa mizani yangu alikosa, kwa sababu alikana. Lakini najua kwa nini alikana. Kwenye kazi yangu nimeshaosha na kulisha wanaume walioharibiwa na pombe, wengine walimu, mmoja alikuwa askari, na hakuna hata mmoja aliyekiri mara ya kwanza alipoulizwa. Kukana ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo nimeona kasoro ya kanuni yangu: nilihesabu uongo wote kuwa sawa. Johnson alikana ili abaki na kiti. Kennedy alikana kwa sababu alikuwa mgonjwa aliyeona haya. Ningempa miezi sita ya matibabu, naibu akaimu, halafu arudi wanachama wamwamue. Chama hakikumpa hiyo nafasi.

Dada, kuhusu Keeler umenishinda na sitakupinga. Nikisema "chumbani" nilimfikiria mwanaume na jina lake tu. Mwenye cheo akiwa na mtu aliye chini yake kwa umri na madaraka kiasi kile, hapo si chumbani tena. Ila kuhusu Ashdown bado nimesimama palepale, na wewe hukumgusa.

Ndugu wa Birmingham, hukutaka kunisikia nikisema hivi, lakini nakubaliana nawe nusu. Nusu nyingine ni hii: bajeti ya Truss tuliisoma, tukaielewa, sehemu kubwa yake ikafutwa ndani ya wiki chache. Amri ya 2020 tuliitii. Yule kijana wa kwenye kioo hakuvunja dirisha, hakupiga kelele, aliondoka muda wake ulipokwisha kwa sababu aliamini waliotoa amri wanaishi chini yake kama yeye. Mama yake alifariki Jumapili iliyofuata.