Mradi wa tovuti darasani: vipindi 12, kompyuta 14, intaneti ya kusuasua

mwl_maabara
Habari zenu walimu. Muhula ujao nataka wanafunzi wajenge tovuti wenyewe. Wako 42, kompyuta zinazowaka ni 14, na intaneti huja ikijisikia. Nina vipindi 12 vya dakika 40. Wanajua kuchapa na kuhifadhi faili, HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, hawajaigusa. Nitumie programu ya kuburuta na kudondosha, au waandike kodi kwa mkono? Na alama za kikundi nizitoe vipi bila mmoja kuwabeba wenzake?

nukta_mkato
Kwa mkono, mwalimu. Programu nyingi za kuburuta zinadai intaneti muda wote, na mradi ukiisha mwanafunzi anakuwa amezijua menyu za programu, tovuti hajaijua. Notepad na kivinjari vinatosha.

Weka watatu kwa kila kompyuta. Kila mmoja awe na ukurasa wake katika faili lake, kisha wote wachangie index.html (ukurasa wa mwanzo) na style.css (faili la CSS, yaani kodi ya rangi na mwonekano). Vipindi viwili vya kwanza msiwashe mashine: wachore kurasa kwenye karatasi, na mishale ya viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Vinne vinavyofuata ni HTML tupu: vichwa, aya, orodha, viungo, picha. CSS isubiri. Ukiileta mapema watamaliza kipindi wakibishania rangi.

Siku ya kwanza ya kodi jihadhari na kitu kimoja. Windows kwa kawaida huficha viendelezi vya faili (herufi za mwisho wa jina, kama .html au .txt), kwa hiyo mwanafunzi anahifadhi index.html, Notepad inamwongezea .txt kimyakimya, na akibofya faili linafunguka Notepad tena. Washa uonyeshaji wa viendelezi kwenye mashine zote kabla ya kipindi, na kwenye dirisha la kuhifadhi wachague aina ya "faili zote".

seva_ya_kona
Naongezea: picha ndizo zitakazokula muda wako. Utakuta kitu kama hiki:

`<img src="C:\Users\maabara\Desktop\Ua.JPG">`

Kwenye mashine hiyo inaweza kuonekana vizuri kabisa. Hamisha folda, picha imepotea. Inatakiwa iwe:

`<img src="picha/ua.jpg" alt="Ua jekundu">`

Majina yawe kwa herufi ndogo, bila nafasi. Windows haitofautishi Ua.JPG na ua.jpg, lakini seva za Linux zinatofautisha, ndiyo maana tovuti iliyokuwa salama maabara huvunjika siku ya kupandishwa. Wakikuletea kazi kwenye zip, toa mafaili yote kwanza. Ukifungua index.html ikiwa bado ndani ya zip, ukurasa utatokea uchi, hauna picha wala CSS, na utamnyima mtu alama zake bure.

Picha za simu mara nyingi zina upana wa pikseli 4000 na zaidi na uzito wa megabaiti kadhaa. Zipunguzwe hadi pikseli 1200 kwa programu ya picha. Kuandika width="300" hakupunguzi uzito, faili linapakuliwa lote vilevile.

mwl_maabara
Shukrani. Inawezekana kuiona kwenye simu bila intaneti?

seva_ya_kona
Ndiyo, ukiwa na Python (lugha ya programu) kwenye kompyuta. Fungua dirisha la amri ndani ya folda ya tovuti, andika `python -m http.server 8000`. Simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo iandike IP ya kompyuta (anwani yake kwenye mtandao) na namba ya mlango, mfano http://192.168.1.10:8000. Wi-Fi yenyewe si lazima iwe na intaneti. Ikigoma, angalia kwanza kama ngome ya Windows (firewall) imeizuia Python.

Maandishi yakitokea madogo mno kwenye simu, huu mstari umesahaulika ndani ya head, sehemu ya juu ya faili la HTML:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Na anayelalamika kuwa amebadili CSS lakini rangi ni ileile, abonyeze Ctrl+F5.

bibi_tagi
Kuhusu alama: 60 kwa ukurasa wa mwanafunzi mwenyewe, 20 kwa kazi ya pamoja, 20 kwa utetezi. Kwenye utetezi anakaa peke yake, wenzake kimya, dakika 3. Mharibie nakala ya ukurasa wake sehemu moja tu, kwa mfano:

`<a href="historia.html>Historia</a>`

Alama ya kufunga nukuu haipo, kwa hiyo kivinjari kinameza maandishi hadi kikutane na nukuu nyingine. Aliyeandika mwenyewe ataliona kosa. Aliyebebwa ataanza kuhangaika na rangi.

Kibodi izunguke kila dakika 12. Nne zinazobaki ni za kunakili folda nzima kwenye flashi, kwa jina lenye tarehe. Msiruke hata siku moja.

Mkitaka kuipandisha GitHub Pages (huduma ya GitHub ya kuweka tovuti mtandaoni), akaunti ya GitHub inataka umri usiopungua miaka 13, kwa hiyo tumia moja ya mwalimu. Kwenye kurasa pasiwe na majina kamili, nyuso wala namba za simu za wanafunzi. Picha iliyookotwa kwenye utafutaji si ya bure. Watumie walizopiga wenyewe au zenye leseni ya Creative Commons (inayoruhusu wengine kuzitumia kwa masharti), na wamtaje mpigapicha pale leseni inapotaka. Na index.html ikae juu kabisa, si ndani ya folda nyingine, la sivyo anwani kuu itawapa 404, yaani ukurasa haupatikani.