Tupeane uzoefu: kuingia kwenye ukalimani wa simu bila kurudi chuo

Mleta uzi: Wakuu, habari za muda huu. Kuna walimu, wauguzi na makarani wa benki wengi humu wanaokisema Kiingereza na Kiswahili bila kubabaika, na wanatafuta kazi ya kujipangia saa isiyodai diploma mpya. Ukalimani wa simu, yaani kufasiri kwa mdomo mazungumzo ya watu wawili kama daktari na mgonjwa, hasa wa hospitali za Marekani, ni mlango mmojawapo. Waliomo waje na mambo yenyewe: hatua, vifaa, hesabu, na watu wanapokwama. Historia za maisha tuziache kwa leo.

SautiYaKati: Mjue kwanza soko linatoka wapi. Hospitali ya Marekani inayopokea fedha za serikali kuu lazima impe mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani wa bure. Msingi ni sheria ya haki za kiraia ya 1964, ikakazwa na ile ya bima ya afya ya 2010. Na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaoomba Kiswahili ni wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo. Kiswahili chao kina maneno yake, na hapo ndipo Mtanzania au Mkenya anapochemka.

Njia ni fupi. Unapimwa lugha zote mbili kwa mdomo, unasoma mafunzo ya saa 40 ya ukalimani wa afya (mtandaoni yanaisha wiki chache ukisoma jioni), unasaini mkataba. Kuna cheti cha wakalimani wa afya kiitwacho CoreCHI, kinachotolewa na tume ya Marekani ya CCHI. Mtihani wake ni wa Kiingereza, kwa hiyo lugha yako ya pili haikuzuii, lakini hizo saa 40 ni sharti la kukaa kwenye huo mtihani. Kampuni nyingi hazidai cheti hicho ili uanze.

Wanaofeli kipimo cha mdomo mara nyingi hawafelishwi na msamiati. Wanafupisha, au wanafafanua pasipoulizwa. Mgonjwa akisema "kifua kinanibana", wewe unasema kwa Kiingereza "kifua kinanibana", kwa nafsi ya kwanza, si "anasema kifua kinambana". Ukihitaji kuzungumza kama wewe, jitaje: "mkalimani anaomba daktari arudie kipimo cha dawa". Daktari akitaja kongosho na mgonjwa akanyamaza, usianze somo la baiolojia. Omba daktari aeleze, kisha fasiri maelezo yake.

NukuuFupi: Kuhusu nukuu unazoandika wakati wa simu: usiandike sentensi. Andika namba, majina, dawa na tarehe, basi. Msemaji akipita sentensi tatu, mkatishe kwa adabu. Simu ikiisha, chana karatasi. Sheria ya siri za wagonjwa haina utani.

Na saa! Mgonjwa akisema alimeza dawa saa mbili asubuhi, daktari aandike saa nane kwa hesabu yao. Uchovu ukikushika unatoa "mbili" hivi hivi, na dozi inayofuata inapangwa ovyo. Ukiwa na shaka, uliza: asubuhi, mchana au usiku?

SautiYaKati: Naongezea kwa Wakongo. Namba na miaka wengi huzitaja kwa Kifaransa, tena cha Kibelgiji: septante ni 70, nonante ni 90. "Tansio" ni presha. "Munganga" ni daktari wa hospitali. Ukimgeuza kuwa mganga wa kienyeji, kosa hilo linaingia kwenye faili la mgonjwa na kukaa humo. Sikiliza redio za Bukavu na Goma kabla hujaanza.

MgeniWaUzi: Malipo je? Na vifaa?

HesabuKwanza: Mkuu, usidanganywe na bei ya dakika. Kampuni nyingi hulipa dakika za maongezi tu. Chukua mfano wa senti 40 kwa dakika: umekaa hewani saa 4, umeongea dakika 100, umepata dola 40, yaani dola 10 kwa saa. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye usaili ni simu za Kiswahili zinaingia ngapi, na saa zipi. La pili, kama muda wa kusubiri unalipwa. Aliye Marekani kwa mkataba wa kujitegemea ana kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 juu ya kodi ya mapato. Aweke robo ya kila malipo pembeni. Anayekudai ada ili akuajiri, mkimbie.

Vifaa: hedfoni ya USB ya masikio mawili yenye maiki ya kuzuia kelele, si bluetooth. Intaneti ya waya kutoka kwenye ruta. Chumba chenye pazia nzito na zulia. Chumba kitupu kinarudisha mwangwi na daktari anakata simu.

MgeniWaUzi: Aliyeko Dodoma anaruhusiwa?

HesabuKwanza: Inategemea. Kampuni nyingine hudai ukae Marekani, hasa kwa kazi za serikali, kwa hiyo soma kipengele cha makazi kabla hujapoteza muda kwenye mtihani. Wanaopokea walio nje watakupa fomu ya kodi ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipa kodi mkazi wa Marekani. Saa zinakaa vizuri kwa mwenye ajira ya mchana: saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni ya Dodoma, na majira yao ya baridi inasogea hadi saa kumi na moja. Umeme ndio shida. Ruta inakula wati 10 hivi, kwa hiyo UPS (betri ya dharura) ndogo ya volti 12 inaivusha. Laptopu ina betri yake. Laini ya pili ya data iwe ya mtandao tofauti.