Picha ya AI kushindana na picha ya mtu, hii ni haki kweli?

Mchora_Kivuli
Wakuu salaam. Kuna kitu kimenikaa kooni muda sasa, naomba tukijadili kwa staha. Mnaikumbuka ile ishu ya 2022 kule Marekani, maonyesho ya jimbo la Colorado, jamaa anaitwa Jason Allen kapeleka picha aliyoitoa kwenye Midjourney, programu ya akili mnemba (AI) inayotengeneza picha, ikabeba nafasi ya kwanza upande wa sanaa za kidijitali? Wachoraji walichachamaa, yeye akajibu kwamba hajavunja kanuni yoyote na jina la programu aliliandika pale pale wakati anawasilisha. Majaji nao wakaja kusema hawakujua hiyo Midjourney ni mnyama gani, ila hata wangejua wangempa tu.

Sitaficha, mimi nachora kwa mkono mwaka wa 11 huu, kwa hiyo upande ninao. Ila swali langu ni moja na nawaomba msilikimbie: kazi za AI zishindanishwe kapu moja na kazi za watu, au zitengewe kapu lake? Sijauliza kama ni sanaa au sio sanaa. Hilo tutakesha.

Hoja_Kavu
Kapu moja. Jaji anahukumu picha, hahukumu ulilala saa ngapi. Wachoraji mnapenda kutupimia jasho kama vile jasho ndo rangi. Na hizi kelele sio mpya, kamera ya Daguerre ilipotangazwa Ufaransa 1839 walilia hivi hivi kwamba uchoraji umekufa, leo mpiga picha anabonyeza kitufe anaitwa msanii na maonyesho anafanya. Basi na huyu naye kabonyeza chake. Kitufe ni kitufe.

Fundi_Lenzi
"Anabonyeza kitufe"???

Yaani mada inahusu AI wewe umeona upite juu ya mgongo wangu. Nimewahi kukaa saa tano nasubiri mwanga ushuke kwenye ukuta mmoja, UKUTA MMOJA, mbu wananila, nikarudi na picha mbili na moja ina ukungu. Kitufe ndo kitu cha mwisho kabisa kaka, kabla yake kuna kusimama wapi, kungoja nini, kipi ukiache nje ya fremu, na yule mtu uliyemuelekezea kamera amekuamini au hajakuamini, maana asipokuamini inaonekana machoni. AI haijawahi kusimama mahali popote.

Hoja_Kavu
Kumbe umeumia. Haya tuseme kusubiri ndo sanaa, basi mlinzi wa usiku ndiye msanii namba moja duniani.

KichekoBure
Mlinzi wa usiku hahahaaa nimeanguka na kiti

Mzee_wa_Pembeni
Vijana, kabla hamjang'atana. Kuna utafiti ulichapishwa 2024 kwenye jarida la Science Advances. Waliwapa watu kazi ya kuandika hadithi fupi, wengine wakaruhusiwa kuchukua wazo kutoka kwa AI na wengine wakaachwa wahangaike wenyewe. Walioshikwa mkono na mashine hadithi zao zilipewa alama nzuri zaidi, hasa wale ambao kipaji chao kilikuwa cha kawaida. Lakini hadithi zenyewe zilianza kufanana. Kila mmoja kapanda kidogo, na wote kwa pamoja wamesogea mahali pamoja. Mimi hilo ndilo linanitisha kuliko nani kabeba kombe la nani. Mashindano kumi yanayokuja tutakuwa tunachagua mshindi kati ya mapacha.

Fundi_Lenzi
Hoja_Kavu nakujibu wewe, mlinzi wa usiku analinda mali, mimi nasubiri kitu ambacho hakijatokea. Ni tofauti. Na kwa taarifa yako aliyewaumbua nyie watu wa AI ni mpiga picha, sio mchoraji. 2023 yule Mjerumani Boris Eldagsen aliingiza picha ya AI kwenye tuzo za picha za dunia za Sony, ikashinda kundi lake.

Jicho_la_Tatu
Huyo si ndo alinyang'anywa tuzo baada ya kugundulika?

Fundi_Lenzi
Hakunyang'anywa!! Aliikataa mwenyewe, akasema aliingiza makusudi kuona kama mashindano yamejiandaa, na kwamba picha za AI na picha za kamera hazipaswi kushindana kundi moja. Hata Mchora_Kivuli hapo jibu lako hilo.

Hoja_Kavu
Kwa hiyo majaji wa picha, wataalamu wa lenzi, waliobobea kwenye kusubiri kuta, walishindwa kutofautisha? Asante kwa kunisaidia hoja.

Mchora_Kivuli
Jamani, swali: kapu moja au makapu mawili?

BintiWino
Mi naomba niseme kitu kuhusu maandishi maana naona mmejifungia kwenye picha. Juzi niliipa AI kazi initungie shairi la tarbia, nikaieleza vizuri kabisa, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Ikanijibu kwa mbwembwe "hili hapa shairi lako lenye mizani kamili". Nikahesabu. Mshororo wa kwanza mizani kumi na tatu. Wa tatu kumi na tisa. Vina vyote ni "a", yaani imeona maneno mengi ya Kiswahili yanaishia na a ikasema hapa hapa. Nikairudisha, ikaomba radhi, ikaleta jingine, mizani kumi na saba. Ilichonikera sio kukosea, mimi mwenyewe nakosea, ni ule ujasiri. Mtunzi akikosa mizani anaona aibu.

Sauti_Kavu
Dada hiyo ni ya leo, kesho itahesabu. Ukijenga hoja juu ya kitu ambacho mashine haiwezi sasa hivi umejenga kwenye mchanga, walisema kuchora vidole haiwezi na sasa vidole inaweza.

BintiWino
Soma nilichoandika. Nimesema aibu. Itahesabu sawa, aibu itaitoa wapi.

Mashine haina moyo, haijui maumivu.

Hoja_Kavu
Na wewe una uchoyo, waogopa wenye nguvu.

BintiWino
Haya hiyo umetunga au umetungiwa?

Hoja_Kavu
Hesabu mizani ndo utajua, si umesema yenyewe haiwezi kuhesabu.

KichekoBure
Kamjibu kwa vina hadi vya kati weeee. Nakaa hapa siondoki.

Jicho_la_Tatu
Ila Hoja_Kavu kuhusu yule Allen hujasema mwisho wake. Alienda kuomba hakimiliki ya ile picha, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikamkatalia 2023. Alijitetea kwamba aliandika maelekezo angalau mara 624 mpaka picha ikatoka anavyotaka, wakamwambia hapana, sehemu iliyotengenezwa na mashine haina mwandishi mtu na hukutaka kuiondoa kwenye maombi. Sasa kama wenye sheria wenyewe wamesema sio yake, tuzo anashikilia ya nini.

Hoja_Kavu
Mara 624! Si ndo hilo jasho mnalolitaka? Mkipewa jasho mnasema sio jasho la aina hiyo.

Mchora_Kivuli
Nikikupigia simu mara 624 kukuelekeza unichoree nyumba, paa lishushe kidogo, dirisha sogeza, rangi hiyo hapana, mwisho wa siku mimi ndo mchoraji? Mimi ni mteja msumbufu tu kama wateja wangu wengine.

Sauti_Kavu
Hiyo nakupa tano. Ila sasa muongoza filamu naye anafanya nini? Haigizi, hashiki kamera, anaelekeza tu mara 624 kwa siku.

Mchora_Kivuli
Muongoza filamu anaelekeza watu ambao wanalipwa na majina yao yanapita mwishoni. Wachoraji ambao kazi zao zilitumika kuifundisha hiyo programu majina yao yamepita wapi? Ule mkusanyiko wa LAION-5B peke yake una viungo vya picha zaidi ya bilioni 5 pamoja na maelezo yake, zimezolewa kwenye intaneti, Stable Diffusion, programu nyingine ya AI ya picha, ikajifunza humo. Kuna mchoraji wa Poland, Greg Rutkowski, watu walikuwa wanaandika jina lake kwenye maelekezo maelfu kwa maelfu ya mara ili picha itoke kama yake, mpaka ukimtafuta yeye mtandaoni unakutana na picha ambazo hakuchora. Umekufa hujafa. Halafu mnaniambia kapu moja.

Hoja_Kavu
Na wewe ulijifunzia wapi kuchora? Ulizaliwa na penseli? Uliangalia kazi za watu, ukaiga, ukakosea, ukaiga tena. Hukumlipa mtu.

Mchora_Kivuli
Nilijifunza kwa mtu mmoja miaka mitatu na nilikuwa namuoshea brashi. Usinijue kwa kunikisia.

Jicho_la_Tatu
Mimi nilitaka kuongezea tu, kabla ya mashine hili suala lilishawahi kufika mahakamani kwa nyani. Nyani mmoja Indonesia alijipiga picha na kamera ya mpiga picha Mwingereza David Slater, watetezi wa wanyama wakafungua kesi kwamba hakimiliki ni ya nyani. Mahakama ya rufaa Marekani 2018 ikasema mnyama hawezi kudai hakimiliki. Kwa hiyo mstari ulishachorwa, mtu tu.

Fundi_Lenzi
Na hiyo ndo inathibitisha nilichosema. Nyani alibonyeza kitufe. Hakuna anayemuita msanii.

Hoja_Kavu
Hahaha umejifunga mwenyewe mkuu, picha ya nyani imependwa dunia nzima, zako na ukuta wako?

Fundi_Lenzi
Zangu na ukuta wangu hazikuhusu.

Mwanabiolojia_Mstaafu
Samahani, yule hakuwa nyani kwa maana halisi, ni jamii ya makaka, ningemuita tumbili. Nyani ni mwingine, yule mwenye pua ndefu kama ya mbwa.

KichekoBure
Mzee umetoka wapi hahaha

Jicho_la_Tatu
Nyani, tumbili, kesi ni ile ile.

Mwanabiolojia_Mstaafu
Kesi ni ile ile ila mnyama sio yule yule.

Kazi_Mkononi
Mmeongea mengi, mi niseme la kwangu kwa sababu hii kitu nakula nayo. Nilikuwa nachora majalada ya vitabu. Zamani mteja anakuja na hadithi, namuuliza maswali, nachora rasimu tatu, anachagua, tunabishana, tunafika. Sasa hivi anakuja na picha ya AI tayari ananiambia "irekebishe mikono tu na hiyo taa inayoelea", na malipo ni nusu maana kwa akili yake kazi kubwa imeshafanyika. Kurekebisha hiyo mikono kunachukua muda mrefu kuliko kuchora upya, kwa sababu mwanga unatoka pande tatu na nguo haina mshono, inabidi niulize maswali ambayo picha haina majibu yake. Huyu mtu yuko wapi? Kwanini kasimama hivyo? Mteja hajui, mashine haijui, najua mimi na nalipwa nusu. Sasa mnabishana kuhusu kombe, mi nimeshasahau kombe, natafuta hiyo nusu nyingine.

Na kabla hamjaniuliza, ndio, na mimi naitumia kutafuta rangi. Sina usafi wa kumpigia mtu kelele.

Sauti_Kavu
Hii ndo posti ya kwanza ya maana humu.

Mzee_wa_Pembeni
Ya kwangu haikuwa ya maana?

Sauti_Kavu
Ipi mzee?

Hoja_Kavu
Nikiwa mkweli Kazi_Mkononi hapo nakuelewa. Ila ni muhimu kutambua kwamba kila teknolojia huja na changamoto na fursa zake, hivyo wasanii wanapaswa kuikumbatia kwa uwajibikaji ili kuleta matokeo chanya.

BintiWino
HAPO. HAPO HAPO. "Ni muhimu kutambua". Wewe tangu asubuhi unaongea "kumbe umeumia" na "kapu moja", ghafla changamoto na fursa na matokeo chanya? Nani kaandika hiyo sentensi?

KichekoBure
Mungu wangu kakamatwa mchana kweupe

Hoja_Kavu
Mtu hawezi kuandika Kiswahili fasaha siku moja mnaanza?

BintiWino
Na ule mshororo wa uchoyo nao?

Hoja_Kavu
Ule nilitunga mwenyewe naapa. Nilihesabu kwa vidole. Hiyo sentensi ya mwisho sawa, nilikuwa njiani nikaiambia inimalizie.

BintiWino
Basi ujue ule wa vidole ulikuwa mzuri. Ulinikera kwelikweli, nikakaa natafuta jibu lenye "yo" na "vu" mpaka sasa sijapata. Hii nyingine nimeisoma nikawa nimeshaisahau kabla sijafika nukta.

Hoja_Kavu
Sasa hiyo ni sifa au tusi.

BintiWino
Chagua.

Sauti_Kavu
Ila AI sio kila mahali inachukua nafasi ya mtu, ule wimbo wa mwisho wa bendi ya Beatles wa 2023 walichukua kanda ya zamani ya marehemu mwenzao John Lennon, sauti na piano vimegandana, mashine ikavitenganisha, basi. Sauti ni ya mtu, wimbo ni wa mtu, wenzake ndo wakaumalizia. Ukasikia watu wanasema "Beatles wametoa wimbo wa AI". Tunatumia neno moja kwa fagio na kwa mwenye nyumba.

Jicho_la_Tatu
Lennon angeulizwa angekubali?

Sauti_Kavu
Basi tumeanza tena.

Mchora_Kivuli
Wakuu nawashukuru. Nimesoma zote. Kapu moja au mawili?

Mwanabiolojia_Mstaafu
Nimeangalia tena picha, ni makaka mweusi mwenye kishungi. Tumbili, nasisitiza.

Fundi_Lenzi
Mawili. Nilishasema ila mlikuwa mnacheka nyani.

Mwanabiolojia_Mstaafu
Tumbili.

Mgeni_Njiani
Habari wakuu, mi mgeni humu, sijasoma zote nimeona kichwa cha habari tu. Mi naona tunawaonea bure hawa wa AI, kwani mpiga picha naye si anabonyeza tu?

Fundi_Lenzi
Jamani nishikeni.