Mrejesho: tangi la maji ya mvua la msikitini kwetu Wete

Asalaam aleikum jamaa, mie yule nlouliza habari ya tangi letu, maji mekundumekundu na tukitia klorini yananukia dawa mpaka wazee wakasema tuiache, ati inazaa sumu.

Klorini hatukuacha wallahi, kipindupindu hakina masihara. Tabu ni majani, klorini ikikutana na uozo wa majani ndo inatoka hiyo sumu wanayoisema wazee, kemikali ziitwazo traihalomithani, klorofomu ikiwemo, kwa hiyo uchafu utoke kwanza klorini ije baadae. Basi tukakata tawi la mwembe lililolalia paa, tukamwaga maji yote, chini mna tope jeusi linateleza kama mlenda, vijana wakalikomba kwa vifuu (mmoja kaanguka humohumo, tukacheka). Mlizamu tumeutia wavu na mvua ya mwanzo haiingii tangini tena. Chujio la mchanga fundi keshaanza, inshallah.

Sahivi dawa inaingia kidogo tu na kipimo bado kinaonesha klorini imebaki miligramu 0.5 kwa lita, harufu imepungua sana. Klorofomu yenyewe hatujaipima, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.3 kwa lita, kwa hiyo anaejua maabara inayopima hapa Pemba au Unguja anambie na bei yao.