Kufuatilia magari ya korosho kwa Traccar: seva ya nyumbani Mtwara haipokei kifaa kikiwa barabarani

Mkazi wa Shangani

Habari zenu ndugu zangu. Nina magari matatu, yaani Fuso moja na kirikuu mbili, yanayobeba korosho ghafi kutoka vyama vya msingi vya Tandahimba na Newala hadi maghala ya hapa Mtwara mjini. Msimu unapofunguka mwezi Oktoba magari hayo hulala barabarani, nami sina njia ya kujua yamefika wapi isipokuwa kumpigia dereva simu, jambo ambalo ni hatari akiwa kwenye usukani, na ambalo mara nyingi halifanikiwi kwa sababu simu yenyewe haipatikani. Niliulizia huduma za kulipia kila mwezi, nikaona kwamba kwa magari yanayofanya kazi ya kueleweka kwa miezi michache tu ya mwaka, malipo hayo yanakula faida.

Nimeamua kujenga mfumo wangu mwenyewe kwa Traccar, programu huria ya kufuatilia magari. Nimeiweka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, iliyounganishwa na ruta ya 4G sebuleni. Nikiwa nyumbani, simu yangu yenye programu ya Traccar Client inaonekana vizuri kwenye ramani. Nikitoka na kutumia bando la simu, inapotea kabisa. Kifaa cha GPS nilichofunga kwenye Fuso, cha jamii ya GT06, taa zake zinaonyesha kwamba kimepata setilaiti na mtandao, lakini kwenye seva hakijawahi kuonekana hata mara moja. Naomba kujua kosa liko wapi. Aidha, je, mfumo huu unaweza kunionyesha kama dizeli inanyonywa njiani?

Fundi wa Masasi

Ndugu yangu, hujakosea katika kuweka programu. Kilichokukwamisha ni aina ya intaneti uliyonayo nyumbani. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP (namba inayokutambulisha kwenye intaneti), kwa hiyo ruta yako inaweza kutoka nje na kwenda popote, lakini kifaa kilichoko Newala hakiwezi kubisha hodi moja kwa moja kwenye Raspberry yako, kwa sababu anwani inayoonekana huko nje si ya nyumba yako peke yako. Ukiwa ndani, simu na seva ziko kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, ndiyo maana zinaonana. Hata ukifungua mlango (port, yaani namba ambayo programu husikilizia) kwenye ruta hutabadilisha chochote, na nakuomba usipoteze siku tatu huko kama nilivyopoteza mimi.

Njia fupi ni kukodi seva ndogo ya mtandaoni yenye anwani ya IP ya umma. Kwa magari matatu, yenye RAM ya GB 1 inatosha, na seva za kiwango hicho hupatikana kwa kati ya dola 4 na 6 kwa mwezi kwa magari yote kwa pamoja, si kwa kila gari. Utakuwa pia umeepuka tatizo la umeme kukatika Shangani wakati Fuso liko njiani. Traccar huja na hifadhidata ya H2, ambayo inafaa kwa majaribio. Kabla ya msimu kuanza hamia MySQL au PostgreSQL, kwa sababu kuhamisha historia baadaye ni kazi ngumu kuliko kuanza vizuri.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Traccar husikiliza kila lugha ya vifaa kwenye mlango tofauti. Ukurasa wa ramani uko kwenye mlango 8082, programu ya simu hutumia 5055, na vifaa vya jamii ya GT06 hutumia 5023. Ukielekeza kifaa kwenye 8082 kwa kuwa ndio mlango unaouona kwenye kivinjari, hakitaonekana kamwe. Fungua 5023 kwenye ukuta wa moto (firewall, kinga inayozuia milango) wa seva, kisha utume kwa SMS kwenye laini iliyomo ndani ya kifaa amri ya APN (jina la njia ya intaneti) ya kampuni yako ya simu, ikifuatiwa na amri ya seva, ambayo kwa vifaa vingi vya jamii hiyo ni SERVER,0, kisha anwani ya IP, kisha ,5023,0#. Linganisha na kitabu kilichokuja na kifaa chako, kwa maana kuna nakala nyingi zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa amri. Kwenye Traccar sajili gari kwa namba ya IMEI (utambulisho wa kifaa chenyewe), tarakimu zote 15, wala usitumie namba ya simu.

Kama bado hakionekani, usibahatishe, bali fungua faili la kumbukumbu la tracker-server.log. Ukiona mistari yenye data inayoanza na 7878 na kuishia na 0d0a, kifaa kimefika na tatizo ni usajili wa IMEI. Usipoona kitu chochote, tatizo liko kwenye APN, salio la laini, au ukuta wa moto.

Kuhusu bando usiogope. Taarifa moja ya mahali kutoka GT06 ni baiti chache tu. Ukijumlisha na vichwa vya mtandao, tuseme baiti 160 kwenda na kurudi. Ukituma kila baada ya sekunde 30 kwa saa 12 utapata taarifa 1,440 kwa siku, yaani karibu KB 230, na kwa mwezi mzima takribani MB 7. Kinachoumiza ni bando linaloisha muda wake kabla ya data kuisha, kwa hiyo chagua la mwezi, na usajili laini kwa alama zako za vidole ili siku ikifungwa usianze kumtafuta mtu mwingine.

Sasa kuhusu dizeli. Kifaa cha GPS hakipimi mafuta. Kinachoweza kukuonyesha ni kilomita zilizotembewa, mahali gari liliposimama na kwa muda gani, na kama utaunganisha ule waya wa ACC (unaohisi kama swichi imewashwa) kwenye swichi ya gari, utajua pia injini iliunguruma kwa muda gani gari likiwa limesimama. Hayo ukiyaweka pamoja na risiti za kituo cha mafuta kwa safari kumi au kumi na tano, utaona wastani wa gari lako, na safari inayokwenda nje ya wastani itajitokeza yenyewe. Kupima kilichomo ndani ya tenki kunahitaji kipimo cha ziada na kifaa chenye njia ya kukipokea, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Mwenye bajaji, Lindi

Ninaongezea kwa upande wa wale wanaotaka kujenga hata kifaa chenyewe. Mimi nilitengeneza cha bajaji yangu kwa ESP32 (chipu ndogo ya kuandikia programu), moduli ya GPS ya NEO-6M na moduli ya simu ya SIM800L, nikakiandikia programu inayosoma mistari ya NMEA (maandishi ya mahali) kutoka kwenye GPS na kuipeleka Traccar kupitia mlango 5055, ambao hupokea ombi la kawaida la HTTP lenye latitudo, longitudo na muda. Ni kazi ninayoipenda na imenifundisha mengi.

Hata hivyo, kwa wiki tatu kilikuwa kinajizima kila kinapotaka kutuma. Nilidhani ni programu, nikaiandika upya mara mbili. Kumbe SIM800L inataka umeme wa kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapotuma hunyonya hadi ampea 2 kwa kitambo kifupi sana. Kibadilisha umeme nilichotumia kilikuwa hakiwezi, volti zikawa zinashuka na moduli inajiwasha upya. Nilipoweka kibadilisha umeme chenye nguvu zaidi na kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu ya moduli, tatizo liliisha siku hiyo hiyo.

Bajaji ina betri ya volti 12. Fuso lina volti 24, na alternata yake hutoa mishtuko ya umeme inayoweza kuunguza saketi ya kujiundia. Kwa hiyo kwako, kaka, baki na kifaa kilichotengenezwa kiwandani kinachokubali volti 9 hadi 36, ukiwekee fyuzi yake karibu na betri, na upande wa antena ya GPS utazame juu, chini ya plastiki ya dashibodi na si chini ya bati. Kwa kirikuu unaweza kuanza na simu janja ya zamani yenye Traccar Client, ili mradi uiondoe kwenye mpangilio wa kubana betri, kwa sababu Android huifunga programu hiyo ikiwa nyuma ya pazia, na usiiache kwenye kioo cha mbele, maana jua la huku litaimaliza.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni rilei ya kukata mafuta. Vifaa vingi vya GT06 huja nayo kwenye boksi. Nakusihi usiifunge kwa fundi ambaye hajawahi kuifanya, na usiitumie kamwe gari likiwa linatembea. Lori lenye mzigo linaloteremka kutoka uwanda wa Makonde, injini ikizimika kwenye kona, usukani unakuwa mzito na dereva anapoteza msaada wa injini katika kulipunguza mwendo.

Dereva wa barabara ya Newala

Salaam. Mimi si fundi, nimeendesha malori katika barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, hizo kilomita 210, kwa miaka mingi, na ningependa mmiliki asikie upande wa anayekaa kwenye kiti.

Bosi wangu wa zamani alifunga kifaa bila kutuambia. Siku moja mtandao ulikatika nikiwa njiani, na kwenye ramani yake gari likabaki pale lilipoonekana mara ya mwisho kwa karibu saa mbili. Akaamini nimesimama kuuza mafuta, akanikata fedha za safari. Nilimwonyesha karatasi ya ghala yenye saa niliyofika, ambayo isingewezekana kama ningesimama saa mbili, lakini tayari alikuwa ameamua. Utingo wangu aliacha kazi mwezi ule ule. Mzee wangu, ninachoomba ni kwamba kabla ya kumhukumu mtu kwa mstari wa kwenye ramani, ujue mstari huo umepatikanaje.

Pia waambie madereva wako mapema, kwa maandishi, unakusanya nini na nani anakiona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mahali alipo mtu ni taarifa inayomhusu, hasa pale gari linapolala nyumbani kwake.

Fundi wa Masasi

Ndugu dereva amesema jambo zito, na lina maelezo ya kiufundi ambayo kila mwenye mfumo huu anapaswa kuyafahamu. Kila taarifa katika Traccar huhifadhiwa na muda zaidi ya mmoja: kuna fixTime, ambao ni muda ambao GPS ilipata mahali hapo, na kuna serverTime, ambao ni muda ambao taarifa ilifika kwenye seva. Mtandao ukikatika, vifaa vingi huhifadhi nukta ndani na kuzituma minara ikipatikana tena. Ukitazama ramani mubashara utaona gari limesimama. Ukisubiri likafika mjini na kufungua ripoti ya njia, utaona nukta zote kwa fixTime zake, na utagundua kwamba halikusimama kabisa. Pale ambapo fixTime na serverTime zinapishana kwa dakika nyingi, tatizo lilikuwa mtandao. Pale ambapo zinakaribiana na nukta hazisogei, hapo ndipo unaweza kusema gari lilisimama, na hata hapo umuulize dereva kwanza, kwa sababu pancha na foleni ya ghalani pia husimamisha gari.

Ongeza na hili: gari lililoegeshwa chini ya mikorosho iliyoshikana huonekana kama linarukaruka mita kadhaa huku na huku, kwa kuwa majani hudhoofisha mawimbi ya setilaiti. Usilihesabu kuwa ni mwendo.

Mkazi wa Shangani

Nawashukuru sana. Nimekodi seva, nimehamisha kila kitu, na Fuso limeonekana kwenye ramani jana jioni; mke wangu ndiye aliyeliona kwanza. Kosa la pili lilikuwa hasa lile la mlango, nilikuwa nimeandika 8082. Madereva wote watatu nimewaita leo asubuhi nikawaonyesha ramani yenyewe kwenye simu, na tumekubaliana kwamba fedha ya mtu haitakatwa kabla ya kuangalia ripoti ya njia pamoja naye.

Limebaki jambo moja. Gari liliondoka hapa saa 2 asubuhi, lakini ripoti inasema saa 10 jioni. Simu yangu iko kwenye saa za Afrika Mashariki.

Fundi wa Masasi

Tofauti ya saa 8 kamili ina maana kwamba kifaa kimetoka kiwandani kikiwa kimewekewa saa za China, na kinazituma kana kwamba ni saa za UTC, yaani saa za dunia zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Traccar nayo inaongeza saa 3 za kwetu juu yake. Usirekebishe kwenye seva wala kwenye simu. Tafuta katika kitabu cha kifaa amri ya majira, inayoanza na GMT, uiweke kwenye sifuri, kisha uzime na kuwasha kifaa. Taarifa za zamani zitabaki na saa zilizokosewa, kwa hiyo zifute kabla hujaanza kuhesabu wastani wa mafuta. Na ingia kwenye mipangilio ya seva uzime usajili wa watumiaji wapya leo hii, kwa sababu anwani yako sasa iko wazi kwa dunia nzima.