Mbwa wa usiku: tutege sumu Ijumaa, au tumfuate mwenye mbwa?

Ndugu zangu, naleta jambo hili hapa kwa sababu mkutanoni nilikosa ulimi.

Jumapili kijiji chetu kilikaa kikao, hapa Busia upande wa Uganda. Ajenda ilikuwa moja tu: mbwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alisema watu wamechoka. Watoto wanaotoka alfajiri kwenda shule wanakimbizwa, mbuzi watatu wameraruliwa ndani ya wiki mbili, na usiku huwezi kupita njia ya soko bila fimbo. Kuna kijana amejitolea kutega nyama yenye sumu Ijumaa usiku, kila nyumba itoe shilingi 2,000. Nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakanung'unika, mvua ikatutawanya. Mimi sikusema neno. Nina mbwa, na mbwa wangu ameshamuuma mtoto wa watu, na wengi waliokaa pale wanalijua hilo.

Anaitwa Sajini. Ni mbwa wa kienyeji, kahawia, ncha ya sikio la kushoto haipo. Mwaka jana mchuuzi wa maji alitoka uani na baiskeli yake ya madumu, geti likabaki wazi. Mtoto wa jirani, miaka 7, alikuwa anapita na kikombe cha uji. Nilipofika nje Sajini ameshamwachia, uji umemwagika njiani, na kwenye tafu la mguu kuna matundu manne, mawili yamezama. Bibi yake tayari anaponda pilipili ya kupaka. Mtu mwingine anapiga simu aletwe fundi wa jiwe jeusi, lile la kubandika juu ya jeraha. Nikamchukua mtoto hadi bombani, nikamwosha kwa sabuni ya mche na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya simu. Dakika 15 ni ndefu sana mtoto akiwa analia na bibi yake amesimama anakutazama.

Halafu nikaingia ndani kutafuta kadi ya chanjo ya Sajini. Ilikuwa imepitwa na miezi 7.

Kituo cha kwanza walituambia chanjo imeisha, tujaribu mbele. Tukapanda boda, mtoto katikati, hadi tukaipata ya kununua. Sindano ya siku ile ile, kisha baada ya siku 3, siku 7, siku 14. Ukijumlisha na nauli, zilinila kodi ya nyumba ya miezi miwili. Chanjo ya mbwa niliyoiahirisha ilikuwa bei ya kilo moja au mbili za nyama. Sajini nilimfunga siku 10 chini ya mwembe, maana mbwa ambaye tayari anaambukiza kichaa anapouma, huugua au kufa ndani ya siku hizo. Kila asubuhi bibi alikuja kwenye ua, akachungulia, akamwona anakula posho yake (ugali) na mukene (dagaa), akarudi kwake bila kunisalimu. Siku ya 11 akanisalimu.

Kwa hiyo siwatetei mbwa kama mtu asiyejua jino. Naipinga sumu ya Ijumaa, na sababu yangu ya kwanza ni hii: tazameni shingo za hao mbwa. Wengi wana kipande cha kamba ya katani au waya. Wana majina. Mbwa koko wa kweli, asiye na nyumba, ni wachache hapa kwetu. Waliobaki ni wetu, tunawafuga ili wabweke, chakula wakajitafutie. Ikifika saa tatu tunafungua mlango, wanakwenda kula jalalani, alfajiri wanarudi kulala mlangoni petu. Halafu tunakaa kikao kulalamika juu ya mbwa wa mitaani.

Pili, sumu haizimi kichaa cha mbwa. Watu wanaokufa kwa ugonjwa huu, karibu wote, asilimia 99, waliupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna hospitali ya kukuponya. Ndiyo maana naelewa hofu. Lakini Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwa miaka kwamba kinachokata mnyororo ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa mahali. Ukitega sumu, anayekufa kwanza ni yule mlafi anayezoea watu, na huenda huyo ndiye aliyechanjwa. Nafasi yake haikai wazi. Jalala lipo, wataingia wengine kutoka ng'ambo ya Kenya, na mbwa haonyeshi kitambulisho mpakani.

Msiniambie hayo ni ya Ulaya. Pemba walichanja mbwa hadi kichaa kikatoweka 2014. Mwaka 2016 kikarudi, wakachanja tena, kufikia 2018 kikazimwa tena. Kisiwani, ndiyo, bahari inasaidia. Ila walikizima kwa sindano.

Pendekezo langu: ile 2,000 tuichange, lakini tumlete daktari wa mifugo na boksi lake la barafu. LC1 afungue daftari, kila mbwa aandikwe na mwenyewe, aliyechanjwa avishwe mkanda wa rangi moja. Mbwa akiuma, mwenye jina daftarini alipe sindano zote na nauli. Sheria haiko mbali: Kanuni ya Adhabu ya Uganda inamgusa anayepuuza kuchukua tahadhari juu ya mnyama aliye mikononi mwake, na mahakama za LC zina sheria yake ya mwaka 2006. Mbwa asiye na mwenyewe baada ya mwezi, daktari amlaze milele kwa sindano. Nalisema hilo wazi, sitaki mtu adhani nalikwepa.

Nipingeni.

Boda wa Sofia

Bosi, unaandika kama mtu anayelala ndani ya geti. Mimi narudi saa nane usiku nimetoka kushusha abiria. Pale kona ya mashine ya kusaga wapo sita au saba. Hawabweki, wanakuja kimya, unasikia kucha kwenye lami. Mwezi wa pili walinifuata, nikaongeza moto, tairi la mbele likaingia shimoni. Kovu liko kwenye kiwiko, niulize nani alilipa. Nilimuuliza kila mtu pale, "Mbwa wa nani?" Hakuna aliyekuwa na mbwa usiku ule! Ila ukimpiga mmoja jiwe akafa, asubuhi wenyewe wanatokea watatu wanadai fidia.

Daftari lako zuri. Lakini daftari ni la mwezi ujao, mimi napita kona ile leo. Tegeni sumu, mbwa wapungue, ndipo mlete hayo mabarafu.

Mama Pacha wa muzigo

Kaka wa Sajini, umesema ukweli kuhusu kadi, asante. Sasa nijibu moja. Sisi wapangaji wa muzigo, vyumba sita kwenye ua mmoja, mbwa ni wa landilodi. Majibwa mawili makubwa, yanaachiwa saa mbili usiku. Choo kiko nje. Watoto wangu wanajisaidia kwenye ndoo tangu saa mbili. Nimeomba mara mbili wafunguliwe saa nne. Nikajibiwa kwamba anayeogopa mbwa ahame.

Huyo ndiye utamwandika daftarini? Nani atakayekwenda kugonga geti lake, wakati mwenyekiti mwenyewe amepanga duka kwake? Sheria yenu itamshika bibi mwenye kambwa kamoja kembamba, landilodi itampita pembeni. Sumu siipendi, nina watoto wanaookota kila kitu. Lakini angalau sumu haichagui tajiri na maskini.

Mzee kutoka Bombo

Assalamu alaikum. Mimi ni mgeni wa Busia, nakuja kwa binti yangu, lakini jambo hili liko hata kwetu Bombo. Wahenga walisema ukicheza na mbwa atakuingia msikitini, na kwetu wameshafika barazani. Naswali alfajiri, natoka, amelala juu ya viatu.

Vijana wetu wengine wanadhani dini inawaruhusu kuwaua ovyo kwa sababu mate yake ni najisi. Si hivyo. Sisi tunaofuata Shafii tunaosha chombo alichoramba mara saba, moja kwa udongo, basi. Mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa. Na mnaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Sumu ni kumtesa kiumbe. Nimemwona aliyelishwa: anakakamaa, anarukaruka, hafi upesi.

Lakini wewe mwenye Sajini umeligusa jalala ukalipita haraka. Mbwa wanafuata matumbo. Wenye buchari wanamwaga utumbo na damu nyuma ya soko kila jioni, kisha tunashangaa karamu ina wageni. Funga jalala kwanza.

Muuza nyama

Mzee shikamoo. Matumbo yangu nazika. Waulizeni wa supu.

Kijana wa mifugo

Nimesoma yote. Mimi natembea na daktari kuchanja, si daktari, lakini nimeumwa mara nne kazini kwa hiyo nina haki ya kusema.

Boda, ukitega sumu pale konani, asubuhi kaloli (wale ndege wakubwa wa jalalani) na kunguru wanakula mzoga, nao wanaanguka. Halafu mtoto wa Mama Pacha anaokota kipande kilichobaki.

Sasa ya wenye mbwa, maana wengi mnachanja mara moja mnadhani ni ya maisha. Mtoto wa mbwa akifika miezi 3 mchanje kichaa, rudia baada ya mwaka, kisha fuata tarehe ya kwenye kadi. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuharisha wa mbwa, ni nyingine na huanza mapema zaidi, wiki 6 hadi 8, na hurudiwa. Kimbwa kikiharisha damu yenye harufu kali, usingoje kesho. Dawa ya kupe ya ng'ombe msikoroge kwa macho mkamwogeshea mbwa. Nimeona mbwa wazima wanatetemeka hadi wanakufa kwa kipimo cha kukisia. Vijipu vyenye tundu dogo juu, hasa kwa vimbwa vinavyolala mchangani, ni funza wa nzi wa maembe. Paka mafuta mazito kuziba tundu, subiri apande juu kutafuta hewa, kisha mkamue taratibu bila kumpasua.

Mnyororo: mkimfunga mita moja kwenye mti kutwa, mnajitengenezea mkali. Vuteni waya kati ya miti miwili, mnyororo uteleze juu yake, atembee. Na dume akihasiwa hupunguza kupotea usiku kutafuta jike. Hii watu hawataki kuisikia, wanadhani atakuwa mwoga. Kuna shirika Gulu, kaskazini mwa Uganda, linaitwa BIG FIX Uganda, linachanja na kufunga vizazi vya mbwa, na limewakutanisha mbwa hao na watu waliobaki na majeraha ya moyo ya vita vya Kony. Mbwa wetu hawa hawa wa kienyeji.

La mwisho, naliandika kwa herufi nzito kichwani mwangu kila nikilala: kichaa si lazima kiwe cha kelele. Kuna cha kimya. Mbwa anajificha gizani, taya limelegea, mate yanatiririka, sauti imebadilika, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anasema "amekwama mfupa" na anaingiza mkono mdomoni kuutoa. Usiingize mkono. Mfungie ndani ya chumba, piga simu kwa ofisi ya mifugo ya wilaya. Na kama mate yake yameshagusa kidonda chako, nenda kwenye sindano siku hiyo hiyo hata kama hakukuuma. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini kimya miezi miwili, mitatu, ukadhani umepona.

Boda wa Sofia

Kijana wa mifugo nimekuelewa kuhusu watoto. Lakini kona yangu je?

Mwenye Sajini

Boda, kona yako nimekwenda jana saa tano usiku na tochi, tukiwa wawili. Walikuwa watano. Wawili nawajua kwa majina, mmoja ni wa fundi seremala, mmoja ni wa jamaa ninayeswali naye Ijumaa. Nimewagongea wote wawili asubuhi. Seremala alikubali na amemfunga. Jamaa yangu alisema si wake, na wakati anasema hivyo mbwa alikuwa amelala miguuni pake. Kwa hiyo nakuachia pointi: usiku wa leo daftari halikulindi, na nilikosea kuandika kana kwamba linaweza.

Mzee, kuhusu jalala umenipata. Nimeliweka la kwanza kwenye barua kwa mwenyekiti, kabla ya chanjo.

Mama Pacha, wewe ndiye uliyeninyima usingizi. Sina jibu kamili. Kama mwenyekiti amepanga kwa landilodi, asiisikilize yeye kesi hiyo, nayo ifunguliwe kwa majina ya wapangaji wote sita, si lako peke yako. Mimi nitatia sahihi kama shahidi, nimeyaona hayo majibwa. Najua ukishasaini bado utalala kwenye ua ule ule.

Mwenyekiti amenipigia leo mchana. Sumu imesogezwa wiki mbili, michango iliyokusanywa iko kwa mweka hazina, na daftari nimekabidhiwa mimi kwa sababu, alisema, "wewe una makosa tayari, hawatakuonea wivu." Nimezunguka hadi magharibi. Lina mbwa 11. Wa kwanza ni Sajini, kadi yake mpya nimeibana kwenye ukurasa kwa pini. Kwa landilodi wa Mama Pacha nimegonga mara tatu. Mbwa walijibu, yeye hakutoka. Kesho nakwenda tena, Boda kama huna abiria saa kumi na mbili nisindikize.