Usiku wa São João Porto: niende na mtoto wa miaka 4?

Ummu Rayan: Hamjambo ndugu zangu. Nimehamia Porto, Ureno, mwaka jana. Naambiwa usiku wa tarehe 23 Juni, mkesha wa São João, yaani sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mji wote unamwagika mitaani. Bibi jirani kaniletea mmea wa rehani kwenye chungu, umechomekwa ua la karatasi na kishairi. Nikainama ninuse, akanishika bega, akakataa katakata! Mwanangu naye anataka kuruka moto kama watoto wa ghorofa ya chini. Shida ni fataki: huyu hata mlango ukibamizwa anaziba masikio. Baba yake yuko kazini usiku huo. Ntafanyaje?

Kaka wa Gaia: Dada, rehani hiyo hainuswi kwa pua, wanasema itanyauka. Ipapase, kisha unuse kiganja. Kuhusu mtoto, Ribeira, ule mtaa wa kando ya mto, usimpeleke. Fataki hupigwa saa sita usiku mtoni Douro, karibu na daraja la Dom Luís, na kwa vile mto umebanwa na vilima, mlio unakurudia. Mimi nilikwenda na kigari cha mtoto mwaka wangu wa kwanza. Nilitoka nimekibeba kichwani.

Mtu wa Makunduchi: Nenda, ila mapema. Jua lenyewe huku linazama saa tatu usiku, kwa hiyo saa moja bado kweupe na dagaa wakubwa wanachomwa milangoni. Mnunulie nyundo ya plastiki ile inayolia. Kila mtu anamgonga kichwani asiyemjua, na hakuna anayenuna. Wazee wengine bado wanashika mabua marefu ya vitunguu, wanakupitishia puani, harufu yake usiulize. Kila nikigongwa naukumbuka Mwaka Kogwa kwetu, watu wanavyotandikana kwa migomba na kibanda kinavyochomwa. Afadhali hapa, harudi mtu na nundu.

Kaka wa Gaia: Na moto aruke ukishabaki makaa, wewe umemshika mkono. Nguo za nailoni mwache nazo nyumbani.

Ummu Rayan: Haya, saa moja tunatoka, saa tatu na nusu tumerudi. Akiamka na mlio, tutaangalia dirishani. Tarehe 24 ni sikukuu ya mji, atalala hadi achoke. Nyundo zinauzwa wapi?

Mtu wa Makunduchi: Kila kona. Nunua mbili, moja ya bibi wa rehani.